Daktari Denis Burkitt na Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya wahubiri na wamisionari. Safari hii tumemchagua daktari mpasuaji, Mkristo wa kweli, aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda. Ugonjwa unaobeba jina lake huwashika watoto wa rika la wale wanaokaa mstari wa mbele katika shule ya Jumapili. Ni kansa inayopona ikiwahiwa, na inayoua upesi mno ikicheleweshwa.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, upande wa kaskazini wa Ireland, katika nyumba ya wacha Mungu. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, naye alipenda sana ndege: aliwafunga alama miguuni na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipoishi. Tukumbuke jambo hilo la ramani. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe na wavulana wenzake, miwani ikavunjika, akapoteza jicho la kulia. Alianza masomo ya uhandisi mjini Dublin, lakini imani yake ilipoamka aliona Mungu anamwita kwenye udaktari, akabadili njia. Alihitimu mwaka 1935. Alipoomba kwenda kutumika Afrika Magharibi, serikali ya Uingereza ilimkataa kwa sababu ya jicho moja. Vita vikuu vya pili ndivyo vilivyomleta Mombasa, akiwa daktari wa jeshi. Vita vilipokwisha alikubaliwa, na mwaka 1946 akafika Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aje kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuelewa. Usaha wa jino hukaa mahali pamoja, na kansa nayo huanza mahali pamoja. Huyu alikuwa na uvimbe katika pembe zote nne za mataya. Alimpiga picha, lakini hakuwa na dawa ya kumpa. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto amekaa kwenye majani na mama yake, uso wake umevimba vilevile. Aliacha alichokuwa akifanya, akatoka nje. Alipompapasa tumbo akakuta mavimbe mengine ndani.

Hapo ndipo tunapomheshimu mtu huyu. Watoto kama hao walikuwa wamekwisha kuonekana Uganda tangu siku za Daktari Albert Cook wa Mengo, lakini kila daktari alitazama sehemu yake: wa meno alitazama taya, wa macho alitazama jicho lililotokeza, mpasuaji alitazama tumbo. Burkitt alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani, akaona kwamba mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi ana uvimbe pia kwenye figo, ini au mayai ya uzazi. Magonjwa yaliyodhaniwa kuwa mengi yalikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto 38. Wataalamu wa maabara wa Mulago, George O'Conor na Jack Davies, walithibitisha kwamba ni limfoma, yaani kansa ya chembe za damu nyeupe zinazoulinda mwili.

Kisha akauliza swali la baba yake: huyu anaishi wapi? Alituma barua zenye picha za watoto hao kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza nani amewahi kuwaona, na kila jibu akalichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zilifanya mshipi katikati ya bara, lakini ndani ya mshipi kulikuwa na mapengo. Mwezi Oktoba 1961 alianza safari na marafiki wawili, madaktari wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari la zamani la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walitembea majuma 10, maili karibu 10,000, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakipita hospitali karibu 60, nyingi zikiwa ndogo za misheni. Williams alikuwa fundi wa magari pia, na bila yeye sijui, ndugu zangu, kama wangefika.

Walichokuta kinatuhusu sisi moja kwa moja. Karibu na ikweta, ugonjwa huu ulikuwa adimu sana juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyoshuka kusini, mpaka huo nao ulishuka. Kumbe si urefu wa mlima wenyewe. Ni joto na mvua, yaani mahali mbu anapoweza kuishi na malaria kukaa mwaka mzima. Kigali yetu iko juu kidogo tu ya mstari huo. Lakini wengi wetu hatukuzaliwa Kigali. Waliotoka Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi wametoka chini kabisa ya mstari, kwenye joto la ziwa Tanganyika. Waliotoka Masisi na Minembwe wametoka juu. Nchini Uganda Burkitt na wenzake waliona kwamba watu waliohama kutoka milimani kwenda mabondeni walipatwa na ugonjwa wakiwa na umri mkubwa kuliko wazaliwa wa bondeni. Basi anayehama huingia katika hatari ya mahali alipofika, na umri wake haumkingi sana. Familia zinazohama-hama kama zetu zisijihesabu kuwa watu wa milimani.

Leo sababu inajulikana zaidi. Mwaka 1961 Burkitt alitoa hotuba mjini London, na kijana mmoja wa maabara, Anthony Epstein, alikuwa akisikiliza. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wamekuta kirusi ndani yake. Kirusi hicho, kinachopita kwa mate, karibu kila mtoto wa Afrika hukipata mapema bila kuugua. Ila malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, kinga yake huchoka, na kwa wachache kansa hupata nafasi. Kansa yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa asitengwe, asinyimwe sahani wala kitanda. Wala hakurogwa.

Kwa habari ya matibabu, Burkitt alikuwa mpasuaji aliyekubali kwamba kisu chake hakifai hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijaribu dawa mpya za kansa, methotreksati, kisha saiklofosfamaidi na vinkristini, alizopewa kidogokidogo. Uso uliokuwa umevimba ulirudi kawaida ndani ya siku chache, na watoto wengine waliopewa dozi moja au mbili tu walikutwa wazima miaka baadaye. Tunasema wazi kwamba hii ndiyo sehemu ya maisha yake inayotugusa zaidi, kwa sababu kabla ya hapo mtoto wa namna hiyo alikuwa wa kuzikwa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, ambacho ndicho chanzo cha taasisi ya kansa ya Uganda.

Yeye alikuwa ameondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alijulikana kwa jambo jingine: kuwahimiza watu kula vyakula visivyokobolewa, kama wale Waafrika aliowaona vijijini. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82. Wanaomkumbuka husema aliamka mapema kila siku kuomba na kusoma Biblia kabla ya kazi. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaofundisha kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani. Huyu aliomba, kisha akawasha gari.

Sasa tuseme juu ya watoto wetu. Shavu likivimba, sisi husema ni jino. Mtoto hung'olewa, au huchanjwa chale, au hukaa kwa mtu wa miti shamba mwezi mzima. Uvimbe huu hauna mwezi. Ni katika kansa zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Mtoto, hasa wa miaka 4 hadi 8, ambaye taya limevimba na meno yanacheza, au jicho linatokeza, au tumbo linajaa na kuwa gumu, au miguu imeishiwa nguvu ghafula, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa vijana kuna limfoma nyingine: matezi ya shingo yanavimba bila maumivu na hayarudi, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Ikiwa dawa za kifua kikuu hazipunguzi tezi, mzazi aombe kwa heshima kwamba kijana achunguzwe upya.

Kuchunguza ni kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama maabara. Bila hicho hakuna ajuaye kwa hakika. Msikatae kipimo hicho kwa hofu kwamba kisu kinatawanya kansa. Hapa Rwanda, tangu Julai 2012, kuna kituo cha kansa katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, karibu na mpaka wa Uganda, na watoto wenye limfoma ya Burkitt hutibiwa huko. Njia yake ni kituo cha afya kwanza, kisha hospitali, kwa karatasi ya transferi. Itunzeni karatasi hiyo.

Na jambo la mwisho, ambalo wazazi wengi huliona geni: baada ya dawa ya kwanza uvimbe unaweza kuyeyuka kabisa, mtoto akacheza, na mama akaona nauli ya kurudi ni hasara. Lakini chembe hujificha, hasa kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo, na ndiyo maana dawa nyingine huchomwa mgongoni. Kabla ya kutoka hospitali, muulizeni daktari zimebaki dozi ngapi, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi ya mtoto.