Kaisari Konstantino na Sarafu Zake Ndogo za Shaba

Sisi walimu tumezoea kusimulia habari za Kaisari Konstantino kana kwamba alikwenda vitani asubuhi hali mpagani, akarudi jioni hali Mkristo. Lakini ziko sarafu zake ndogo za shaba, nyingine zenye upana wa ukucha wa kidole gumba tu, ambazo maskini walinunulia mkate. Hizo zashuhudia safari ndefu zaidi.

Konstantino alizaliwa mjini Naissus, katika nchi iitwayo sasa Serbia. Mwaka 306 baba yake, Constantius, alifariki huko York, Uingereza, na askari wakamtawaza mwana. Tarehe 28 Oktoba 312 akamshinda Maxentius kwenye daraja la Milvio, karibu na Rumi. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake Licinius wakawapa Wakristo ruhusa ya kuabudu, na kuwarudishia mali zao.

Hata hivyo sarafu za shaba ziliendelea kupigwa chapa ya mungu wa jua, amevaa taji ya miale, naye akitajwa kuwa mwenzi wa Kaisari. Si mwezi mmoja wala miwili: ikapita miaka mitano hivi ndipo sanamu ile ikatoweka katika shaba, na katika dhahabu ilikawia zaidi. Wengine husema aliwaogopa askari wake. Mimi naona moyo wake ulikuwa bado njia panda.

Mwanawe wa kwanza, Crispus, alifanywa Kaisari mdogo mwaka 317, na uso wake nao ukapigwa katika shaba. Kijana huyu alikuwa hodari. Mwaka 324 alizishinda merikebu za Licinius, hata baba yake akatamalaki dola yote peke yake. Mwaka 325 Konstantino aliketi katikati ya maaskofu huko Nikea. Mwaka 326 aliamuru Crispus auawe. Naye Fausta, mama wa kambo wa kijana, akafa mwaka uo huo. Sarafu za Crispus zikakoma. Za Helena, bibi yake, zikaendelea.

Haukupita muda mrefu, na huko Konstantinopoli ikapigwa sarafu ya shaba yenye bendera ya Kaisari ikimchoma nyoka, na juu ya bendera alama ya jina la Kristo. Sarafu hizo ni adimu sana.

Shaba yenyewe ilizidi kupungua. Mwaka 294 sarafu ya namna hii ilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi. Konstantino alipokaribia mwisho wake haikufika gramu 2. Matajiri walikuwa na dhahabu, isiyopungua.

Alibatizwa karibu na Nicomedia alipokuwa mgonjwa wa kufa, akafariki tarehe 22 Mei 337. Wanawe wakampigia sarafu ndogo ya shaba: amefunikwa kichwa, amepanda gari la farasi wanne, na mkono unamnyoshea kutoka mbinguni. Mwaka ule ule, huko Konstantinopoli, askari waliwaua ndugu zake na wana wa ndugu zake, wakabaki wanawe watatu kuigawanya dola.