Jan Amos Komenský

Jan Amos Komenský (anajulikana pia kwa jina la Kilatini Comenius, Moravia, 28 Machi 1592 – Amsterdam, Uholanzi, 15 Novemba 1670) alikuwa mwalimu, mwandishi na askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian wa leo wanalihesabu kuwa chimbuko lao. Anakumbukwa hasa kwa kufundisha kwamba mtoto mdogo hujifunza kwanza kwa macho, masikio na mikono, kabla ya kukariri maneno.

Maisha

Alizaliwa Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Alifiwa na wazazi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akachelewa kuanza shule ya Kilatini hadi alipofikia miaka 16. Baadaye alizilaumu vikali shule za wakati wake kwa viboko na kukaririsha. Alisoma Herborn na Heidelberg nchini Ujerumani, akawekwa wakfu kuwa mchungaji mwaka 1616.

Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) vilileta mateso kwa Waprotestanti wa kwao. Komenský alilazimika kujificha, na mwaka 1622 mke wake na watoto wao wawili walikufa kwa tauni. Mwaka 1628 alihamia Leszno, Polandi, akaishi uhamishoni hadi kufa. Alifanya kazi pia Uingereza na Hungaria, na kuwaandikia Waswidi vitabu vya shule.

Mwaka 1656 mji wa Leszno ulichomwa moto. Iliteketea miswada yake mingi, ikiwemo kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoiandaa kwa zaidi ya miaka 40. Akiwa na umri wa miaka 64 alikimbilia Amsterdam, akaendelea kuandika. Alizikwa Naarden, Uholanzi.

Elimu ya watoto wadogo

Katika kitabu chake kuhusu malezi, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1633, alieleza kwamba shule ya kwanza ya mtoto hadi umri wa miaka 6 ni nyumbani, kwa lugha ya mama. Alishauri mtoto aachwe acheze, ajenge na kuuliza majina ya vitu. Kuanzia umri wa miaka 4 au 5 apewe chaki, au mkaa kama wazazi ni maskini, achore nukta, mistari na duara. Kwa mchezo huo mkono huzoea kabla ya kuandika herufi.

Kitabu chake maarufu zaidi, Orbis Sensualium Pictus, kilitolewa Nuremberg mwaka 1658 kwa Kilatini na Kijerumani. Kina sura 150 hivi zenye picha. Kila kitu kwenye picha kina namba, na namba hiyohiyo imewekwa kwenye neno lake. Mwanzoni ipo alfabeti ya sauti: kunguru kwa A, mwanakondoo kwa B, nyoka kwa S. Hivyo mtoto huitambua herufi kwa sauti anayoijua tayari. Komenský alitaka pia watoto wanakili picha kwa mkono, na waonyeshwe vitu vyenyewe inapowezekana.

Urithi

Mjukuu wake, askofu Daniel Ernst Jablonski, alimweka wakfu David Nitschmann mwaka 1735 kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Moravian lililofufuka Herrnhut, Ujerumani. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakafungua kituo Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, Tanzania. Huko mmisionari Traugott Bachmann alitafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha.

Suala la lugha alilolishughulikia Komenský bado lipo mkoani humo. Watoto wengi wa Mbozi huzungumza Kinyiha nyumbani, na wengi wa Tunduma Kinyamwanga, ilhali darasa la awali hufundishwa kwa Kiswahili. Kwao picha, vitu halisi na herufi zinazochorwa mchangani huwa daraja kati ya lugha ya nyumbani na ile ya shule.

Nchini Ucheki siku yake ya kuzaliwa, 28 Machi, huadhimishwa kuwa Siku ya Walimu.