Chevreul: Mwanakemia aliyeigundua kreatini miaka 160 kabla ya wanamichezo

Unga mweupe wa kreatini, unaouzwa leo kwa ahadi ya kuongeza nguvu za misuli, una historia ndefu kuliko wadhanivyo wengi wanaoutumia. Aliyeitenga kreatini kwa mara ya kwanza, mwaka 1832, ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyeishi miaka 102 na kuutumia umri huo kutenganisha kinachoaminiwa na kilichothibitishwa.

Chevreul alizaliwa tarehe 31 Agosti 1786 mjini Angers, magharibi mwa Ufaransa, akiwa mtoto wa tabibu. Utotoni mwake yalizuka Mapinduzi ya Ufaransa, naye akashuhudia watu wakikatwa vichwa kwa gilotini hadharani. Mwaka 1803 alikwenda Paris, akawa mwanafunzi na msaidizi wa mwanakemia Nicolas Vauquelin.

Sifa yake ya kwanza ilitokana na mafuta. Kwa zaidi ya miaka 10 alichunguza sabuni na mafuta ya wanyama, akabainisha kwamba mafuta huundwa na asidi pamoja na gliserini. Utafiti huo uliwezesha kutengenezwa kwa mishumaa migumu yenye mwanga safi, badala ya ile ya kale iliyotoa moshi na harufu mbaya. Ni yeye pia aliyeipa jina kolesteroli, na aliyetambua kwamba sukari iliyomo katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari ni ya aina moja na ile ya zabibu.

Siri ndani ya supu

Katika miaka ya 1830, wataalamu wa Paris walikuwa wakibishana kuhusu supu iliyopikwa kwa ajili ya maskini na wagonjwa: je, kweli ilimlisha mtu, au ilimjaza tumbo tu? Chevreul aliichunguza supu ya nyama na kupata ndani yake fuwele za kitu ambacho hakikuwa kimejulikana. Akakiita kreatini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyama.

Ugunduzi huo haukupokelewa kwa shangwe. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden, aliyekuwa miongoni mwa wanakemia wakubwa wa zama hizo, aliitafuta kreatini katika nyama asiione, na shaka ikatanda. Iliondolewa mwaka 1847, pale Mjerumani Justus von Liebig alipoipata katika nyama za wanyama mbalimbali. Liebig aliona pia kwamba mbweha waliouawa wakikimbizwa na wawindaji walikuwa na kreatini nyingi mara 10 kuliko mbweha aliyefugwa. Hapo ndipo kreatini ilipoanza kuhusishwa na kazi ya misuli.

Baadaye Liebig aliliruhusu jina lake litumiwe na kampuni iliyotengeneza rojo ya nyama huko Fray Bentos, Uruguay. Rojo hiyo ilisifiwa mno kuwa ni lishe, ingawa wataalamu wengine walionyesha kwamba lishe yake ilikuwa hafifu. Biashara ilikuwa imeutangulia uthibitisho.

Mtu wa kujaribu kwanza

Chevreul alikuwa na tabia nyingine. Wakati huo wapo walioamini kwamba kitu kizito kilichoning'inizwa kwa uzi mkononi huyumba chenyewe kinapowekwa juu ya baadhi ya madini. Alipojaribu, kweli kiliyumba. Alipofungwa kitambaa machoni, kikatulia. Mwaka 1833 akatangaza kwamba mkono huweza kusogezwa na matarajio ya mwenyewe, bila yeye kujua.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika leo kupima virutubisho vya wanamichezo: baadhi hupewa kreatini, wengine hupewa unga usio na kitu, na hakuna anayejua amepewa upi. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba kuila kreatini huongeza kiwango chake ndani ya misuli. Majaribio mengi yaliyofuata yamethibitisha kwamba husaidia katika juhudi fupi na kali, kama kunyanyua vyuma na mbio fupi, kwa kuwa hurejesha haraka nishati ya misuli. Lakini haichukui nafasi ya mazoezi, na manufaa yake katika mbio ndefu ni madogo. Kiasi cha gramu 3 hadi 5 kwa siku huwatosha watu wazima wengi wenye afya, na mwenye maradhi ya figo hupaswa kumwona daktari kwanza. Mwili wenyewe huitengeneza kreatini, na nyingine hupatikana katika nyama na samaki.

Chevreul aliendelea na kazi hadi uzeeni. Aliongoza kwa miaka mingi idara ya rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu jinsi rangi zinavyobadilika machoni zinapowekwa pamoja. Ufaransa iliadhimisha miaka yake 100 mwaka 1886, na jina lake likawekwa miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi kwenye Mnara wa Eiffel. Mnara ulizinduliwa tarehe 31 Machi 1889. Siku 9 baadaye, tarehe 9 Aprili, Chevreul alifariki dunia mjini Paris, akazikwa kwa heshima za taifa.