Lucille Ball: Mchekeshaji aliyekuja kumiliki studio

Vipindi vingi vya vichekesho tunavyotazama leo kwenye televisheni na kwenye simu vinafanana: familia moja, majirani, sebule, na vicheko vya watu walioketi studioni. Miongoni mwa waliofanya vipindi vya aina hiyo vipendwe ni mwigizaji wa Marekani, Lucille Ball. Leo tunaangalia maisha yake, ambayo hayakuwa na kicheko kingi kama kazi yake.

Utoto wa misiba

Lucille alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York. Akiwa na umri wa miaka mitatu, baba yake alifariki kwa homa ya matumbo. Yeye na mdogo wake wa kiume walilelewa zaidi na babu yao mzaa mama, Fred Hunt, ambaye alipenda kuwapeleka kutazama maonyesho ya jukwaani.

Mwaka 1927 mtoto mmoja alipigwa risasi kwa bahati mbaya nyumbani kwa babu huyo, akapooza. Kesi ikafuata, na familia ikapoteza nyumba.

Shule ya uigizaji aliyojiunga nayo jijini New York ilikuwa imemrudisha nyumbani, kwa kuona hana kipaji. Hakukata tamaa. Alirudi jijini akawa mwanamitindo, akaugua viungo hadi akashindwa kutembea, akapona. Mwaka 1933 alikwenda Hollywood, ambako alicheza filamu nyingi bila kuwa nyota mkubwa.

Redio yamfungulia mlango

Sisi wa redio tunafurahi kukumbusha kwamba ni redio iliyomtoa. Mwaka 1948 kituo cha CBS kilimpa nafasi ya mke wa nyumbani katika mchezo wa vichekesho, My Favorite Husband. Mchezo huo ulirushwa mbele ya watu ukumbini, na vicheko vyao vilimchangamsha.

CBS walipotaka kumpeleka kwenye televisheni, alitoa sharti moja: mume wa kwenye mchezo awe mume wake halisi, Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Cuba aliyefunga naye ndoa mwaka 1940. Desi alikuwa safarini na bendi yake muda mwingi. Lucille aliona kufanya kazi pamoja kungeiokoa ndoa yao.

Wakubwa wa kituo walisita. Je, watazamaji wangemkubali Mcuba mwenye lafudhi ya Kihispania kuwa mume wa Mmarekani mweupe? Mwaka 1950 wawili hao walizunguka mijini na maonyesho ya jukwaani, na watu wakawapenda. Kipindi cha I Love Lucy kilianza tarehe 15 Oktoba 1951.

Mkataba ulioleta utajiri

Wakati huo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na vituo vya mbali vilipata nakala zenye picha hafifu. Lucille na Desi walitaka kubaki California na kurekodi kwa filamu ya sinema, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji. Gharama ilikuwa kubwa zaidi, hivyo wakakubali kulipwa kidogo. Badala yake, kampuni yao ya Desilu ikabaki na umiliki wa vipindi.

Wengi waliamini kipindi kikisharushwa kimekwisha kazi. Lakini filamu huweza kurushwa tena na tena. Baadaye CBS ilivinunua vipindi hivyo kwa mamilioni ya dola, na mwaka 1957 Desilu ikanunua studio za RKO, ambako Lucille aliwahi kuajiriwa kama mwigizaji.

Alipopata ujauzito mwaka 1952, neno mimba lenyewe halikuruhusiwa kwenye kipindi. Padri, mchungaji na rabi walipewa miswada waikague. Tarehe 19 Januari 1953 Lucille alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, na jioni hiyo hiyo watu wapatao milioni 44 walimtazama Lucy wa kwenye mchezo akipata mtoto. Ni wengi kuliko waliotazama kuapishwa kwa Rais Eisenhower kesho yake.

Mwaka huo huo alihojiwa na wachunguzi wa Bunge kwa kuwa mwaka 1936 alijiandikisha kama mpiga kura wa chama cha Kikomunisti. Alieleza kuwa alifanya hivyo kumridhisha babu yake. Wakamwachia, na watazamaji hawakumkimbia.

Kazi ilibaki, ndoa ikavunjika

Ulevi wa Desi na mahusiano yake ya nje viliishinda ndoa. Waliachana mwaka 1960. Mwaka 1962 Lucille alinunua hisa zake na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya kutengeneza vipindi vya televisheni Marekani. Wasaidizi wake walipoogopa gharama za Star Trek, yeye alikubali kitengenezwe. Mwaka 1967 aliiuza Desilu kwa dola milioni 17.

Aliolewa tena, lakini yeye na Desi walibaki marafiki hadi Desi alipofariki mwaka 1986. Lucille alifariki Los Angeles tarehe 26 Aprili 1989, akiwa na miaka 77, siku chache baada ya upasuaji wa moyo.

I Love Lucy kinaendelea kurushwa hadi leo. Alikianzisha ili mumewe apate kukaa nyumbani. Hilo halikudumu, lakini ndani ya vipindi hivyo wawili hao bado wako sebuleni pamoja, na watu wanawacheka.