Charles Wyville Thomson

Charles Wyville Thomson (5 Machi 1830 – 10 Machi 1882) alikuwa mtaalamu wa zoolojia kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kama kiongozi wa wanasayansi waliosafiri kwa meli ya HMS Challenger miaka 1872–1876, safari ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa sayansi ya bahari.

Maisha ya awali

Alizaliwa Bonsyde, karibu na mji wa Linlithgow. Alianza masomo ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Edinburgh lakini aliyaacha akageukia elimu ya viumbe. Alifundisha Aberdeen, kisha Cork na Belfast huko Eire. Mwaka 1870 akawa profesa wa Edinburgh.

Swali la vilindi

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba chini ya pima 300 hivi (takriban mita 550) hakuna kiumbe kinachoweza kuishi, kwa sababu ya giza, baridi na uzito wa maji. Wazo hilo lilitolewa na Edward Forbes, aliyechunguza Bahari ya Aegean. Forbes hakuwa mzembe. Bahari aliyoichagua ina viumbe wachache kwenye vilindi vyake.

Thomson alianza kushuku baada ya kutembelea Norwei, ambako Michael Sars alimwonyesha wanyama waliovuliwa kutoka maji ya kina kirefu. Mmoja wao alikuwa na umbo la ua juu ya bua, ndugu wa kiti cha pweza, wa kundi lililojulikana zaidi kwa visukuku. Pamoja na rafiki yake William Carpenter aliomba meli kwa serikali ya Uingereza. Mwaka 1868 walipewa Lightning, meli kuukuu ya mvuke, wakafanya kazi kati ya Uskoti na Visiwa vya Faroe katika hali mbaya ya hewa. Wavu wa kukokota ulileta wanyama hai kutoka pima 650, wakiwemo sifongo wenye mifupa kama nyuzi za kioo.

Vipimajoto navyo vilileta fumbo. Kwenye kina kilekile, sehemu moja ilikuwa na maji ya karibu 0 °C, na nyingine, si mbali, ilikuwa na joto la takriban 8 °C. Wanyama wa sehemu hizo mbili walitofautiana pia. Baadaye Thomson alihisi kwamba lazima kuna ukuta chini ya maji unaozuia maji baridi ya kaskazini. Upimaji wa mwaka 1880 ulionyesha kwamba tuta hilo lipo kweli, na leo linaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1869 meli ya Porcupine ilivua wanyama hai kutoka pima 2,435 (zaidi ya mita 4,400). Hapo dhana ya Forbes haikuweza kusimama tena.

Safari ya Challenger

Meli iliondoka Uingereza Desemba 1872 ikarudi Mei 1876, baada ya maili za baharini 68,890. Karibu na Visiwa vya Mariana ilipima kina cha mita 8,184.

Mwanzoni mwa 1874 ilipita Kerguelen na kisiwa cha Heard, ikavuka duara la Antaktiki. Katika maji hayo baridi Thomson aligundua jambo ambalo huenda ndilo zuri kuliko yote aliyoandika mwenyewe. Jamaa wengi wa kiti cha pweza katika bahari za joto huacha mayai na viluwiluwi vyao vielee majini, lakini hapa aina kadhaa zilibeba watoto mwilini. Mnyama mmoja wa duara mwenye miiba, wa kundi lile linalochoma miguu ya waogeleaji, aliwaweka katika vishimo mgongoni, chini ya miiba. Jongoo-bahari wa Heard aliwafunika kwa vigamba vya mgongo wake.

Si matarajio yote yaliyotimia. Thomson alitumaini kukuta vilindini wanyama wengi wa zama za kale, akakuta wachache. Bathybius, ute uliodhaniwa kuwa uhai sahili kabisa wa sakafu ya bahari, ilionekana melini kuwa chumvi iliyoganda kutokana na pombe ya kuhifadhia sampuli.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1876 alipewa cheo cha Sir. Akafungua ofisi Edinburgh ya kugawa sampuli kwa wataalamu wa nchi mbalimbali, jambo lililowaudhi baadhi ya Waingereza waliotaka zibaki kwao. Hazina ya serikali nayo ilimbana kuhusu gharama na ucheleweshaji. Afya yake ilivunjika mwaka 1879, akajiuzulu uprofesa 1881, akafariki Bonsyde akiwa na umri wa miaka 52.

John Murray, aliyekuwa naye melini, alichukua kazi hiyo. Ripoti ilikamilika mwaka 1895 ikiwa na majuzuu 50, na ndani yake spishi mpya zipatazo 4,700 zilielezwa.