Johannes Rebmann, Mzee wa Rabai

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Johannes Rebmann ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Ni kweli, lakini safari ile ilikuwa ya majuma machache tu. Miaka yake karibu 29 aliikalia Rabai, kule vilimani nyuma ya Mombasa, na habari za miaka hiyo hatuzisimulii mara nyingi.

Alizaliwa Gerlingen, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Akasoma Basel, akatumwa na chama cha CMS, akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Alimkuta Dr. Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, wote wawili wakiwa wadhaifu kwa homa.

Mwaka 1848 Rebmann alikwenda Uchaga pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri na wapagazi wachache. Asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi, huyo alijua tu kwamba ni baridi. Basi Rebmann akaketi chini ya mti, akafungua Biblia pale alipokuwa amefikia katika kusoma kwake kwa kila siku. Ikawa ni Zaburi ya 111, isemayo juu ya matendo makuu ya Bwana na urithi wa mataifa. Hakuitafuta, ndiyo iliyokuwa zamu yake siku ile.

Sifa hakuzipata upesi. Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kufika huku, alishikilia kwamba theluji hiyo haipo. Mwaka 1849 Rebmann akaenda tena, akitaka kufika hata Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimmalizia nguo zote alizochukua kwa ajili ya njia. Akarudi Rabai mikono mitupu.

Hapo ndipo saburi yake ilipoanza hasa. Mwaka 1851 alimwoa Emma huko Cairo, akaja naye Rabai. Mtoto wao aliishi siku chache tu. Krapf akaondoka mwaka 1853, na Erhardt mwaka 1855. Mwaka 1857 vita vya Wamaasai viliwalazimisha kukimbilia Unguja, kisha wakarudi mahali pale pale. Waliobatizwa walikuwa kundi dogo sana. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete, naye akafariki upesi baada ya ubatizo. Nakiri kwamba mimi ningaliomba uhamisho mwaka wa tatu!

Yeye alikaa, akikusanya maneno. Aliketi na wazee wa Rabai akiuliza maana ya neno hili na lile kwa lugha yao, na Kiswahili vilevile. Kwa mtu mmoja aitwaye Salimini, aliyeletwa pwani utumwani kutoka pande za Nyasa, akaandika kamusi ya lugha ya kwao. Akaifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Mtu anayefasiri hawezi kuruka mstari kama sisi tufanyavyo tukiwa na haraka. Hana budi kukaa nao mpaka apate neno lake. Naona ni kazi hiyo iliyomfunza kungoja, kwa maana Luka naye anaanza na wazee wangojao: Zakaria na Elisabeti, kisha Simeoni na Ana hekaluni.

Emma alifariki mwaka 1866, akazikwa Rabai. Rebmann akaendelea, na macho yake yakaanza kufifia, hata asiweze tena kusoma wala kuandika. Kwa miaka hiyo yote hakuwa amerudi kwao hata mara moja. Mwaka 1875, akiwa kipofu, alipanda meli akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wale wachache wa Rabai.

Alikwenda kukaa Korntal, karibu na Stuttgart, alikokuwa Krapf, rafiki yake wa zamani. Huko akafariki tarehe 4 Oktoba 1876. Injili yake ya Luka ilipigwa chapa mwaka huo huo.