Disasi Makulo: Alipewa Kwanza, Njo Akatoa



Karibu mwaka 1870 mtoto mmoja alizaliwa Bandio, upande wa Basoko, ukishuka na mto kutoka hapa Kisangani. Jina lake Disasi. Alikuwa bado mtoto wakati watu wa Tippo Tip walimkamata wakamfanya mtumwa. Hakuwa na nguvu ya kukimbia wala mali ya kujikomboa. Mwaka 1883 Stanley akamkomboa kwa bidhaa, yeye na watoto wengine. Tuseme wazi: Stanley hakuwa malaika. Alikuwa anamtumikia mfalme Leopold II, na tunajua mateso gani yalifuata katika inchi yetu. Lakini Mungu anaweza kupitisha neema hata katika mkono usio safi.

Disasi akapelekwa Kinshasa kwa Swinburne. Halafu akafika kwa George Grenfell, misionere wa Wabatisti. Hapo akaipokea Injili, akabatizwa, akasafiri na Grenfell katika masua yake, Peace.

Angeweza kubaki kule chini, akaishi vizuri na wamisionere. Hapana. Mwaka 1902 akafungua misioni Yalemba, katika eneo la kwao. Akafundisha watoto, akahubiri kwa watu wa mto ule ule alikofungwa kamba. Alikufa mwaka 1941. Habari za maisha yake, zilizoandikwa na mwana wake, zilitoka katika kitabu Kinshasa mwaka 1983.

Siye tuliposoma habari hii, haya ilitushika. Juma lililopita tuliwafukuza wadogo wa mwaka wa kwanza pale penye bomba, eti wakubwa wateke maji kwanza. Tulisahau kama siye pia tulifika hapa bila blanketi, na mkubwa mmoja akatupa lake, bule, bila kutuuliza sisi ni watoto wa nani. Disasi hakusahau bei iliyolipwa kwa ajili yake; njo sababu aliweza kubariki wengine. Mtungi usiotiwa maji haunyweshi mtu, lakini uliojazwa na kufunikwa haunyweshi mtu vilevile.

Jioni hii, mbele ya sala, tutakwenda kuwaomba wale wadogo radhi. Na wewe unayesoma, jiulize: nani alikulipia? Na sasa wewe unamlipia nani?